Frank Kameny, Mtu Aliyeidai Serikali Sababu

Mwenyekiti, ndugu zangu mliokaa mbele na nyie mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kufika.

Mada yetu leo ni Franklin Edward Kameny, Mmarekani aliyezaliwa New York tarehe 21 Mei 1925 na kufariki Washington tarehe 11 Oktoba 2011. Watu wengi wakisikia habari za harakati za mashoga Marekani, mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye baa ya Stonewall ya New York na vurugu za Juni 1969, mashoga walipopambana na polisi. Si vibaya. Lakini kufikia usiku ule Kameny alikuwa ameshavutana na serikali ya nchi yake kwa zaidi ya miaka 11, na serikali ilikuwa imeshaanza kutokwa jasho.

Tuanzie ofisini. Mwishoni mwa 1957 Kameny alikuwa mtaalamu wa falaki katika Idara ya Ramani ya Jeshi. Alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Harvard, aliyoipata 1956 kwa utafiti juu ya nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka. Jeshi lilimhitaji kwa sababu makombora ya masafa marefu hayarushwi kwa kukisia. Lazima umbali kati ya bara na bara ujulikane barabara, na siku zile vipimo hivyo vilitegemea watu wanaojua kusoma nyota. Aliajiriwa Julai. Tarehe 4 Oktoba Warusi wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, na Marekani nzima ikawa inalia kwamba haina wanasayansi wa kutosha. Wiki chache baadaye akaitwa na wapelelezi wa Tume ya Utumishi wa Umma.

Wakamwambia wamepata habari kwamba yeye ni shoga. Je, ana la kusema? Akawauliza: habari gani? Wakasema hilo hawawezi kumwambia. Akajibu kwamba basi naye hana jibu, na isitoshe jambo lenyewe haliwahusu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa hana kazi, na Januari 1958 akapigwa marufuku kuajiriwa popote katika serikali ya shirikisho. Hebu lishikeni swali lake hilo la "habari gani?", maana maisha yake yote yaliyofuata ni swali hilohilo, mara kwa barua, mara mahakamani, mara kwa bango begani.

Ili tuelewe alichokifanya, lazima kwanza tuone mtambo aliokuwa anapambana nao ulifanyaje kazi. Tarehe 27 Aprili 1953 Rais Eisenhower alitia saini Amri ya Rais namba 10450. Ndani yake, katika orodha ya mambo yanayomfanya mtu asifae kutumikia serikali, liliwekwa neno "upotovu wa kijinsia". Kuanzia hapo kukawa na milango miwili ya kumtolea mtu nje. Wa kwanza ulikuwa wa Tume ya Utumishi wa Umma, iliyopima kama mtu "anafaa" kwa tabia zake. Wa pili ulikuwa kibali cha usalama, kile kinachomruhusu mtu kushika nyaraka za siri. Mlango huu wa pili ulikuwa mpana zaidi, kwa sababu uliwagusa hata wafanyakazi wa kampuni binafsi zenye mikataba na Wizara ya Ulinzi. Mhandisi ambaye hajawahi kuajiriwa na serikali hata siku moja aliweza kupoteza mkate wake kwa kunyang'anywa kibali.

Majina yalitoka wapi? Mengi yalitoka polisi. Askari wa kikosi cha maadili walivizia kwenye bustani, vyoo vya umma na vituo vya mabasi, wakakamata, na rekodi ya kukamatwa ikasafiri hadi FBI na kwa waajiri. Kameny mwenyewe alikamatwa San Francisco mwaka 1956 kwenye kituo cha mabasi, na kesi ikafutwa baadaye. Alipojaza fomu ya kuomba kazi alitaja kwamba aliwahi kukamatwa, akaeleza kosa kwa maneno ya jumla. Serikali ikalishikilia hilo: sababu rasmi iliyoandikwa ilihusu namna alivyojaza fomu. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa fomu ya serikali kumfikisha pabaya. Alipojiunga na jeshi mwaka 1943, akiwa bado hajatimiza miaka 18, aliulizwa kama ana mwelekeo wa ushoga, akasema hana, kisha akaenda kupigana Ulaya kwenye kikosi cha mizinga midogo. Hadi uzeeni alikuwa akisema kinachomuuma ni kwamba nchi yake ilimlazimisha aidanganye ili apate nafasi ya kuipigania.

Nguvu kubwa ya mtambo ule ilikuwa aibu ya mhusika mwenyewe. Aliyeitwa chumbani na kuulizwa, kwa kawaida aliandika barua ya kujiuzulu, akarudi kwao, akanyamaza. Hakutaka mama yake ajue. Kwa hiyo serikali haikulazimika kuthibitisha kitu mbele ya hakimu, wala kueleza ushoga unahusiana vipi na kuchora ramani au kupiga chapa barua. Sera iliishi miaka mingi bila mtu kuidai ijieleze.

Kameny alikata rufaa. Ngazi zilikuwa hivi: kwanza ndani ya idara, kisha Tume, kisha kamati za Bunge, na zote zikamkatalia. Akaingia mahakamani dhidi ya Waziri wa Jeshi, Wilber Brucker. Akashindwa mahakama ya wilaya, akashindwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1960. Wakati huo hali yake ya maisha ilikuwa mbaya kweli. Kuna kipindi mwaka 1959 alikula chakula cha senti 20 kwa siku: soseji mbili tatu na viazi vya kuponda. Akipata senti 5 za ziada, anaongeza kipande cha siagi ya mimea.

Hapo wakili wake akaona kesi imekufa, akajitoa, akamwachia kijitabu cha kanuni za Mahakama ya Juu. Kameny, ambaye hakuwahi kusoma sheria, akakaa akaandika ombi lake mwenyewe, akaliwasilisha Januari 1961. Ombi hilo lisomwe na kila mwanafunzi wa sheria aliyemo humu. Mawakili wa zamani katika kesi kama hizi walikuwa wakijikita kwenye utaratibu: mteja wangu hakupewa taarifa kwa muda unaotakiwa, fomu hii haikutiwa saini. Yeye aliuvamia msingi. Alisema kumbagua mtu kwa sababu ni shoga hakutofautiani na kumbagua kwa dini au kwa rangi yake. Kwamba "uasherati" ni maoni ya mtu na dini yake, na serikali haina ruhusa ya kumchagulia raia maoni. Na kwamba serikali imemfanya raia wake kuwa mtu wa daraja la pili bila kuonyesha sababu inayoingia akilini. Hakuna aliyewahi kupeleka hoja ya haki za kiraia za mashoga kwenye mahakama ile kwa namna hiyo. Tarehe 20 Machi 1961 majaji walikataa kuisikiliza.

Mtu mwingine angekoma hapo. Yeye alihitimisha kwamba mtu mmoja hawezi, kinahitajika chama. Agosti 1961 yeye na kijana aitwaye Jack Nichols wakaitisha mkutano mdogo katika hoteli ya Hay-Adams, ng'ambo ya Ikulu. Ndani ya chumba mlikuwa na mgeni ambaye mhudhuriaji mmoja alimtambua: ofisa wa kikosi cha maadili cha polisi. Kameny akamtaja hadharani kwa cheo chake, na yule bwana akatoka. Novemba mwaka huo Jumuiya ya Mattachine ya Washington ikazaliwa rasmi. Jina walilichukua kwa chama kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1950, lakini chao kilijitegemea kabisa.

Wanachama walitumia majina bandia, kwa kuwa wengi walikuwa watumishi wa serikali. Kameny alitumia jina lake halisi. Alikuwa ameshafukuzwa; hakuna aliyeweza kumfukuza mara ya pili. Wakajisajili na kupata kibali cha kuchangisha fedha chini ya sheria ya jiji, kama chama chochote cha hisani. Agosti 1962 wakapeleka barua kwa kila mjumbe wa Bunge, kwa Rais, kwa mawaziri na kwa majaji, wakieleza malengo yao na kuomba kukutana. Wawili katika Baraza la Wawakilishi, William Fitts Ryan wa New York na Robert Nix wa Pennsylvania, walijibu vizuri. Mmoja wa Missouri alijibu wasiendelee kulichafua sanduku lake la barua kwa uchafu wao. Kameny aliitunza barua hiyo kwa uangalifu uleule aliozitunza za wema, maana kwake tusi lenye saini na muhuri lilikuwa ushahidi.

Mwaka uliofuata mbunge John Dowdy wa Texas akaleta muswada wa kuwanyang'anya kibali cha kuchangisha. Lilikuwa kosa kubwa kwa upande wake. Muswada ulisikilizwa na kamati, na kamati ikampa mtuhumiwa nafasi. Agosti 1963 Kameny akakaa mbele ya kamati ya Bunge, shoga wa kwanza kutoa ushahidi pale akiwa wazi, na magazeti yakaandika. Muswada ulipita Baraza la Wawakilishi lakini Seneti haikuushughulikia. Chama kidogo ambacho wakazi wengi wa jiji hawakuwa wamekisikia kikapata matangazo ambayo kisingeweza kuyalipia.

Sasa tuje kwenye maandamano, na hapa nitakaa kidogo.

Katikati ya Aprili 1965 magazeti yaliripoti kwamba serikali ya Cuba itawapeleka mashoga kwenye kambi za kazi. Nichols akaona mwanya: wapinge Cuba, lakini mbele ya Ikulu ya Marekani, wakiuliza kama Washington inawatendea watu wao vizuri kuliko Havana. Jumamosi tarehe 17 Aprili watu 10, wanaume 7 na wanawake 3, wakazunguka kwa mduara mbele ya uzio wa Ikulu kwa saa moja. Bango moja lilisema mashoga milioni 15 wa Marekani wanapinga namna serikali inavyowatendea.

Siku waliyoichagua iliwaangusha. Jumamosi hiyohiyo maelfu ya wanafunzi walikuwa wamefurika Washington kupinga vita vya Vietnam, na waandishi wote walikuwa huko. Watu 10 wenye suti hawakuonekana. Wakajifunza upesi: walipopanga mara ya pili, tarehe 29 Mei, waliviarifu vyombo vya habari mapema, na mashirika ya habari ya AP na UPI yakaja. Wakaendelea: Juni mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma, tarehe 4 Julai mbele ya Jumba la Uhuru Philadelphia, Julai 31 Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, Agosti 28 Wizara ya Mambo ya Nje, Oktoba tena Ikulu. Zingatieni mpangilio wa anwani hizo. Kila ofisi waliyoizunguka ilikuwa na jambo lake mahususi: hii inafukuza, hii inanyima kibali, hii haitaki hata kujibu barua. Barua ndizo zilitangulia, bango likafuata pale barua ilipokosa jibu, na mwenye ofisi alijua kabisa kwa nini watu wako mlangoni kwake.

Kanuni za maandamano ziliandikwa na kugawiwa. Wanaume wavae suti, shati jeupe na tai, wawe wamenyoa. Wanawake wavae gauni au sketi. Maneno ya mabango yapitishwe na kamati kabla, na herufi ziwe safi, zisomeke kwa mbali. Mabango yabebwe kwa mfuatano uliopangwa, ili anayesimama kando asome hoja tangu mwanzo hadi mwisho jinsi mstari unavyompita. Hakuna kujibizana na wapita njia wanaozomea. Anayesema na waandishi ni mmoja aliyeteuliwa. Polisi wapewe taarifa mapema. Kanuni zenyewe zilisema waziwazi kwamba pale si mahali pa mtu kuonyesha upekee wake. Hoja ya Kameny ilikuwa nyepesi: unadai kuajiriwa, basi onekana kama mtu anayeajirika.

Kuna wanaomcheka leo kwa hilo. Mimi nawaomba wakumbuke picha ya wakati ule. Mmarekani wa kawaida wa 1965 alikuwa hajawahi kumwona shoga aliyekubali kuitwa hivyo, isipokuwa kwenye habari za polisi, na ghafla anaonyeshwa kwenye televisheni watu waliovaa kama mhasibu wa benki yake. Kwa miaka ile, ilifaa.

Wakati huohuo mahakama zikaanza kulegea. Juni 1965, katika kesi ya Bruce Scott, mwanachama mwenzao, Mahakama ya Rufani ya Washington ilisema Tume haiwezi kumfungia mtu mlango wa ajira kwa kutaja tu "mwenendo mchafu". Itaje ni mwenendo gani hasa, na kwa nini unamfanya asifae. Septemba mwaka huo, baada ya kuzungukwa na mabango, Tume ikakubali kukaa meza moja na wajumbe wa Mattachine. Tarehe 25 Februari 1966 mwenyekiti wake, John Macy, akawaandikia jibu.

Barua ya Macy ndiyo kitu Kameny alichokuwa anakitafuta tangu siku ya "habari gani?". Ukiondoa maneno ya kiofisi, serikali ilikiri ndani yake kwamba sababu kuu ni chukizo la wafanyakazi wengine na wasiwasi wa wananchi wanaohudumiwa. Yaani mtu anafukuzwa kazi kwa hisia za jirani yake wa ofisini. Katika miaka ambayo Wamarekani weusi walikuwa wameshaifikisha hoja hiyohiyo mahakamani na kuivunja, hakuna mwanasheria mwenye akili aliyetaka kuitetea kwa sauti. Mattachine wakaisambaza barua ile.

Pigo likaja Julai 1, 1969, siku tatu baada ya Stonewall, ingawa mambo haya mawili hayakuhusiana. Katika kesi ya Clifford Norton, mchambuzi wa bajeti wa NASA ambaye Kameny alimsaidia tangu mwanzo, jaji David Bazelon aliandika kwamba serikali inatakiwa kuonyesha uhusiano kati ya mwenendo wa mtumishi na utendaji wa kazi yake. Hakuna uhusiano, hakuna kufukuza. Na tarehe 3 Julai 1975 Tume ikatangaza kanuni mpya zilizofuta marufuku yenyewe. Tangu kufukuzwa kwake ilikuwa imepita miaka 17 na miezi kadhaa.

Vibali vya usalama vilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu huko hoja ilikuwa tofauti. Serikali ilisema: shoga ana siri, mwenye siri anaweza kutishiwa na majasusi wa kigeni, kwa hiyo ni hatari. Dawa ya Kameny ilikuwa kuiondoa siri. Aliyemjia kuomba msaada alimuuliza kwanza kama yuko tayari kutajwa gazetini. Akikubali, Kameny anaitisha mkutano na waandishi kabla ya shauri kusikilizwa, mteja anasema mwenyewe kwamba ni shoga, kisha wanaingia chumbani na kumuuliza mwanasheria wa serikali: haya, mtamtishia kwa lipi sasa? Mwaka 1969 yeye na Barbara Gittings, mwanaharakati wa Philadelphia, walimtetea hivyo fundi wa elektroniki wa New Jersey, Benning Wentworth. Wote wawili hawakuwa mawakili. Kanuni za mashauri yale ziliruhusu mtu kuwakilishwa na asiye wakili, na Kameny aliitumia nafasi hiyo kwa miaka mingi. Njia hii ilikuwa na gharama yake, wala tusiifiche. Mtu aliyeshindwa alikuwa amepoteza kazi na siri vyote pamoja. Wengi walimsikiliza, wakamshukuru, wakaondoka bila kurudi. Ubaguzi huo katika vibali ulipigwa marufuku kwa amri ya Rais Clinton mwaka 1995.

Lakini kulikuwa na ukuta mwingine nyuma ya huo, nao ulikuwa wa madaktari. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuweka ushoga kwenye mwongozo wake wa magonjwa. Ilimradi neno hilo limo humo, mwanasheria wa serikali alikuwa na pa kuegemea: huyu ni mgonjwa wa akili, wakubwa wa tiba wamesema. Hata ndani ya vyama vya mashoga wapo waliopendelea kungoja wataalamu waamue. Julai 1964, akihutubia Mattachine ya New York, Kameny alikataa. Alikuwa amesoma machapisho yale kwa jicho la mwanasayansi, akaona kasoro ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingesamehewa: waliochunguzwa walitoka kliniki na magerezani. Ukichukua wagonjwa ukawachunguza, utakuta wagonjwa. Anayedai ni ugonjwa ndiye alete ushahidi. Akiushindwa, watu wahesabiwe wazima. Machi 1965 chama chake kikapitisha azimio hilo.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuwepo tayari. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Evelyn Hooker wa Los Angeles alichapisha matokeo ya wanaume 30 mashoga na 30 wasio mashoga, wote wasio wagonjwa wa kliniki, waliooanishwa kwa umri, elimu na alama za akili. Aliwapa majaribio matatu ya saikolojia, likiwemo lile la madoa ya wino, akaondoa majina na kuwapa majibu wataalamu watatu wakubwa wa fani waseme yupi ni yupi. Hawakuweza kutofautisha kuliko mtu anayebahatisha.

Tarehe 3 Mei 1971 madaktari wale walikuwa kwenye mkutano wao mkuu Washington. Wanaharakati wakaingia ukumbini, na katika mtafaruku Kameny akakamata kipaza sauti na kuwatangazia madaktari vita. Kelele zile peke yake zisingebadilisha mwongozo. Kilichobadilisha ni walichokidai baada ya hapo: nafasi ndani ya ratiba. Mwaka 1972 huko Dallas, Kameny na Gittings walikaa kwenye jopo rasmi pamoja na daktari aliyevaa barakoa, suti pana kupita mwili wake na kipaza sauti kinachobadili sauti. Alitambulishwa kama Dk. H. Bila Jina. Alikuwa John Fryer, daktari wa akili aliyeogopa kupoteza ajira, akiwaeleza wenzake kwamba miongoni mwao wamo mashoga wengi. Tarehe 15 Desemba 1973 bodi ya chama iliuondoa ushoga kwenye orodha. Wapinzani wakadai kura ya wanachama wote; mwaka 1974 asilimia 58 ya waliopiga kura wakaunga mkono bodi. Hata hivyo ilibaki kamba: kwa wale wanaosumbuliwa na hali yao kuliachwa jina jingine la ugonjwa, na mabaki yake hayakutoka kwenye mwongozo hadi 1987.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1968, baada ya kumwona Stokely Carmichael, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, kwenye televisheni akiongoza watu kusema weusi ni uzuri, alibuni kaulimbiu kwamba ushoga ni jambo jema, ikapitishwa na mkutano wa vyama huko Chicago Agosti mwaka huo. Mwaka 1971 aligombea kiti cha Washington katika Bunge, akatoka wa nne kati ya sita. Timu yake ya kampeni haikutawanyika, ikaunda chama kipya cha siasa za jiji. Alimsaidia sajini wa jeshi la anga Leonard Matlovich kufungua kesi maarufu ya 1975 ya kupinga mashoga kufukuzwa jeshini. Sheria ya jiji iliyoharamisha mapenzi ya jinsia moja aliipiga vita kwa miaka 30 hadi ikafutwa 1993.

Je, alikuwa mtu rahisi? Hapana. Alikuwa na sauti kubwa, hakubali kukosolewa, na barua zake zilikuwa ndefu kupita subira ya msomaji. Mwanzoni mwa 1965 wanachama wa chama alichokianzisha wenyewe walimchagua mwingine kuwa rais. Na zile kanuni za suti zilipitwa na wakati mbele ya macho yake. Tarehe 4 Julai 1969, kwenye maandamano ya kila mwaka ya Philadelphia, wanawake wawili walishikana mikono wakitembea. Kameny akawaendea na kuwatenganisha. Stonewall ilikuwa imetokea wiki iliyopita tu, na vijana waliotoka New York kwa basi hawakuwa tayari kupangiwa mikono yao. Novemba mwaka huo mkutano wa vyama vya mashariki ukaamua maandamano yahamishiwe New York, mwishoni mwa Juni, bila masharti ya mavazi. Ndiyo asili ya matembezi ya Juni yanayofanyika leo katika miji mingi duniani. Cha kumpongeza ni kwamba Kameny hakususa. Juni 1970 alikwenda New York akatembea nao.

Tarehe 29 Juni 2009 mkurugenzi wa ofisi iliyorithi kazi za ile Tume, John Berry, mwenyewe akiwa shoga aliyejitangaza, alimkabidhi barua ya kuomba radhi kwa niaba ya serikali ya Marekani. Kameny, mwenye miaka 84, alijibu kwamba radhi imepokelewa.

Kwa mnaotaka kumsoma, nyaraka zake, zaidi ya 70,000, ziko Maktaba ya Kongresi tangu 2006, na baadhi ya mabango ya 1965 yako makumbusho ya Smithsonian. Mabango hayo alikuwa ameyahifadhi darini kwake kwa miaka 40. Anzeni na ombi la 1961, kisha barua ya Macy ya 1966, kwa mfuatano huo. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.